Kabla ya Kuandika "Hakuna"

Mtu akinikuta nimeinama kwenye hadubini, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Hiyo inakuza mara ngapi?" Nikimjibu mara elfu moja, hutikisa kichwa kwa mshangao na kuondoka akiamini kwamba ameshaielewa kazi yangu. Hajaielewa. Kukuza ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, tena sehemu ambayo haikunihitaji mimi. Mafundi wa Ujerumani waliimaliza kabla bibi yangu hajazaliwa. Nimefanya kazi ya maabara tangu nikiwa binti, Tanga kwanza, baadaye Dodoma, kisha Mwanza, na sasa nafundisha vijana wanaoingia kwenye fani. Karibu yote ninayowafundisha hutokea kabla jicho halijasogea kwenye lenzi. Moja tu hutokea baada ya hapo, nalo ndilo gumu: kukubali kuona kitu ambacho hakuna aliyekuuliza.

Hilo la mafundi wa Ujerumani lina hesabu yake. Carl Zeiss alifungua karakana mjini Jena mwaka 1846, na kwa miaka mingi lenzi zake, kama za wenzake wote, zilipatikana kwa kubahatisha: fundi anasugua kioo, anakijaribu, kikikataa anaanza upya. Mwaka 1866 akamchukua mwanafizikia kijana, Ernst Abbe, amtafutie kanuni. Abbe aliitafuta, na mwaka 1873 akachapisha jibu lenye habari mbili. Njema ni kwamba lenzi bora inaweza kupangwa kwa hesabu. Mbaya ni kwamba hata lenzi isiyo na kasoro ina mwisho wake: vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga vitaonekana kitu kimoja. Kwa mwanga wa kawaida mpaka huo uko kwenye milimita moja ukiigawa mara elfu tano. Wavu wa sangara haunasi dagaa, hata ukiukokota kwa meli. Unaweza kupandisha lenzi juu ya lenzi mpaka picha ienee ukutani, lakini na ukungu wake utaenea nao. Ndiyo maana hadubini kuukuu niliyoanzia, ya kumulikwa kwa kioo na jua la dirishani, na hii mpya yenye taa yake ndani, zote zinaishia pale pale: lenzi ya macho mara kumi, lenzi ya chini mara mia, na tone la mafuta kati ya lenzi hiyo ya chini na slaidi, kile kioo chenye sampuli.

Basi, kama mwisho wa lenzi ni mmoja kwa wote, kwa nini wawili wasome slaidi moja na mmoja tu aone?

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kibondei, mpole, mwenye tabia moja iliyotuudhi: hakuturuhusu kugusa hadubini mpaka tujue kukata na kupaka. Tulikata viazi. Tulibandua ile ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu. Tulipaka damu yetu wenyewe kwenye vioo mpaka ncha za vidole zikafanya sugu. Ngozi ya kitunguu ikiwa na mkunjo, unaona giza. Ikiwa na hewa chini yake, unaona duara zuri lenye ukingo mweusi, na kila mwanafunzi mgeni hulirukia akisema ameona seli. Mzee alikuwa akipita nyuma yetu, anachungulia, anasema, "Hewa hiyo, mwanangu," kisha anaendelea na njia yake. Tulipomwuliza kwa nini tusianze tu kuangalia, alitusimulia habari za kizibo.

Kizibo hicho ni cha Robert Hooke, aliyechapisha kitabu chake cha michoro ya hadubini mjini London mwaka 1665. Hadubini yake haikuwa ya ajabu. Ilikuza mara hamsini hivi, kiwango ambacho mimi hukitumia kutafutia tu sehemu nzuri ya slaidi kabla ya kuanza kusoma. Lakini alichukua kisu akakinoa mpaka kikawa kama wembe, akakata kipande cha kizibo chembamba sana, na kwa kuwa kizibo chenyewe ni cheupe akakiweka juu ya bamba jeusi, akakimulika kwa lenzi nene iliyokusanya mwanga. Hapo ndipo alipoona vijichumba vilivyopangana, akavipa jina tunalolitumia hadi leo: seli. Mzee alipenda sehemu ya kisu. Mimi, kadiri miaka inavyokwenda, napenda zaidi lile bamba jeusi, kwa sababu linaonyesha mtu aliyejiuliza kwa nini haoni vizuri, badala ya kuilaumu hadubini. Na tukumbuke kwamba alichokiona Hooke kilikuwa vyumba vitupu, kuta za mmea uliokwisha kufa. Wenye nyumba hawakuwamo.

Wenye nyumba waliletwa na muuza vitambaa. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, hakwenda chuo kikuu wala hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati ule. Kifaa chake kilikuwa lenzi moja tu, ndogo kama punje, iliyobanwa kati ya mabamba mawili ya chuma. Unaisogeza karibu mno na jicho, unaelekea kwenye mwanga. Baadhi ya lenzi hizo zilikuza zaidi ya mara mia mbili, na zilimshinda Hooke kwa mbali. Mwaka 1674 alieleza viumbe vidogo vinavyoogelea katika maji ya ziwa. Ila kinachonifurahisha mimi ni cha mwaka 1676. Alikuwa ameloweka pilipili manga kwenye maji, akitaka kujua ukali wake unatoka wapi. Alidhani huenda punje zina vijimiiba vinavyochoma ulimi. Vijimiiba hakuviona. Aliona maji yamejaa viumbe vidogo kuliko vyote alivyowahi kuviona, na leo tunaamini kwamba baadhi yao walikuwa bakteria. Alikwenda kutafuta ukali wa pilipili, akarudi na ulimwengu mzima.

Wasomi wa Royal Society ya London walipopata barua yake hawakumwamini, na sioni ubaya wowote hapo. Walimpa Hooke kazi ya kurudia jaribio lile, na mwaka 1677, baada ya kushindwa mwanzoni, akafaulu kuwaonyesha wenzake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini Leeuwenhoek alikuwa na kasoro moja ambayo simsamehi: namna yake bora ya kutazama aliificha. Wageni aliwaonyesha lenzi za kawaida. Zile nzuri akabaki nazo mwenyewe. Alipofariki mwaka 1723 ujuzi ule alikwenda nao, na bakteria wakakaa zaidi ya karne moja bila kushughulikiwa ipasavyo. Katika maabara zetu slaidi hurudiwa na msomaji wa pili ambaye hajui wa kwanza aliandika nini. Vijana huona kama dharau. Huwaambia kwamba ukiona kitu ambacho mwenzako hawezi kukiona kwa slaidi hiyo hiyo, bado ni kitu chako peke yako, na mgonjwa hatibiwi kwa kitu chako peke yako.

Miaka mingi iliyofuata nitaipita haraka. Lenzi za zamani zilizungushia kila kitu pindo za rangi za upinde wa mvua, mpaka Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo wa London, alipoonyesha mwaka 1830 jinsi ya kupanga vioo ili pindo hizo zipungue. Baada ya hapo mambo yalikimbia. Mwaka 1831 Robert Brown alieleza kiini ndani ya seli za okidi. Mwaka 1838 Matthias Schleiden akasema mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka mmoja baadaye Theodor Schwann akasema hivyo hivyo kwa wanyama. Wote wawili walikosea pale walipodhani seli mpya huganda tu kutoka kwenye ute, kama chumvi inavyoganda kutoka majini. Robert Remak wa Berlin ndiye aliyezifuatilia kwa macho zikigawanyika, mbili kutoka kwa moja. Kauli kwamba kila seli hutoka kwenye seli ikaenea duniani kwa jina la Rudolf Virchow. Remak alikuwa Myahudi, na vyuo vya Prussia vilimbania cheo cha uprofesa kamili maisha yake yote. Sijui kama mwalimu wangu aliyajua hayo, ila nadhani yangemuuma.

Sasa nije kwenye rangi, maana ndipo ilipo kazi yangu.

Damu ambayo haijatiwa rangi, ukiiangalia kwenye hadubini, inakatisha tamaa. Chembe nyekundu si nyekundu. Ni visahani vya manjano hafifu. Chembe nyeupe karibu hazionekani. Kimelea cha malaria kilichomo ndani ya chembe ni kivuli ndani ya kivuli. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa Constantine, Algeria, alikiona hivyo hivyo bila rangi tarehe 6 Novemba 1880, na alikiona kwa sababu kilitikisika. Kulikuwa na kitu cha mviringo, na kutoka pembeni yake nyuzi zikachomoza zikaanza kuchapa, zikizipiga kumbo chembe zilizo jirani. Leo tunajua kilichotokea: vimelea vya kiume, damu ikipoa nje ya mwili, huanza kujitayarisha kama vile vimeshafika tumboni mwa mbu. Angeangalia slaidi iliyokauka asingeona mchezo ule. Wakubwa wengi wa taaluma hawakumwamini kwa miaka, kwa kuwa wao waliangalia damu iliyokwisha kufa. Nobel aliipata mwaka 1907.

Rangi iliyotuokoa ina historia ambayo huwa siichoki. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa kutumia vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi ambao, alipousafisha, ulitoa rangi ya zambarau, na kutokana na rangi ile vikazaliwa viwanda vya rangi vya Ulaya. Rangi za aina hiyo ndizo madaktari walizozichukua wakajaribu kuzitia kwenye seli, na kugundua kwamba kila sehemu ya seli huchagua rangi yake. Mwaka 1891 Dmitri Romanowsky wa St Petersburg alichanganya bluu na nyekundu akapata kitu cha tatu: kiini cha kimelea kikawa chekundu-zambarau na mwili wake bluu. Mwaka 1904 Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, akaituliza rangi ile isiharibike upesi, na mpaka leo chupa yake iko mezani kwangu. Aliyetafuta dawa ya malaria akaishia kufungua njia ya kuiona.

Gimsa, ndivyo tunavyoiita rangi hiyo ya Giemsa, haitaki haraka, na haitaki maji yoyote tu. Nilipohamia Dodoma nilikuta slaidi za kituo kimoja zinatoka nyekundu kupita kiasi, nyingine bluu kabisa, na kila mtu analaumu rangi ya msambazaji. Rangi haikuwa na kosa. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi yake, na Gimsa inataka maji yenye pH ya 7.2. Tukapata vidonge vya kusawazisha maji, na vimelea vikaanza kuonekana. Hapo hatukubadilisha lenzi wala taa. Kuna pia uchafu wa rangi yenyewe: ikikaa bila kuchujwa hudondosha vipunje vyeusi ambavyo mwanafunzi huvihesabu kama malaria. Kuna chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinazolala juu ya chembe nyekundu na kujifanya kimelea. Kuna kuvu wa pwani, maana Tanga unyevu huingia mpaka ndani ya lenzi, kuvu wakaota humo kama nyuzi. Tulikuwa tunaiweka hadubini kwenye kabati lenye balbu inayowaka usiku kucha.

Damu huwekwa kwenye slaidi kwa namna mbili, tone nene na utando mwembamba, na tone nene halikaushwi kwa spiriti. Hilo ndilo fumbo la kwanza linalowashinda wageni. Damu ya tone nene haigandishwi, ili maji ya rangi yapasue chembe nyekundu zote na kuacha vimelea na chembe nyeupe tu. Kwa njia hiyo unaipitia damu nyingi kwa muda mfupi. Utando mwembamba ndio unaogandishwa kwa methanoli, chembe zibaki na maumbo yake, ujue ni malaria ya aina gani. Kisha unahesabu. Unahesabu vimelea mpaka chembe nyeupe zifike 200, unazidisha kwa 8,000, makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu, unagawa kwa 200. Na usipoona kitu, hujaruhusiwa kunyanyuka. Unapita fildi mia moja, duara baada ya duara, kabla ya kuandika kwamba hukuona vimelea.

Fildi mia ni nyingi kuliko mtu anavyodhani, hasa foleni ikiwa nje ya mlango. Na foleni si mzigo peke yake. Mzigo mwingine ni kwamba jibu huwa limeshaamuliwa. Mama ameleta mtoto ana homa, ameshasema ni malaria. Tabibu ameshaandika dawa. Karatasi yangu ikirudi bila vimelea, tabibu huniambia, "Dada, angalia tena bwana, huyu ana malaria kabisa." Niliwahi kuona wenzangu wakiandika alama moja ya kujumlisha, yaani vimelea vipo, ili yaishe. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye hospitali za kaskazini-mashariki mwa Tanzania: miongoni mwa wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea kwenye slaidi zilizosomwa kwa uangalifu. Waliobaki walikuwa na kitu kingine, na baadhi hawakupewa dawa ya kitu hicho. Niliposoma matokeo yale sikushangaa. Nilijua slaidi za namna ile zilivyokuwa zikisomwa.

Dodoma ndiko nilikojifunza nusu ya pili ya kazi. Mzee mmoja mfugaji aliletwa na wanawe, homa imempanda, imeshuka, imepanda tena. Fomu ilisema malaria. Vimelea havikuwepo, lakini katikati ya chembe nyeupe kulikuwa na nyuzi nyembamba za zambarau zilizojisokota, mbili hapa, moja kule. Mtu anayetafuta malaria tu huzipita nyuzi zile, tena kwa nia njema kabisa, akidhani ni pamba ya kufutia kioo. Ilikuwa homa ya papasi. Papasi wanaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, wanatoka usiku, wanauma na kurudi. Mwaka 1905 Robert Koch, aliyekwisha kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa hapa kwetu wakati wa Wajerumani, akapasua papasi, akakuta nyuzi hizo hizo mpaka ndani ya mayai yao. Mwaka huo huo Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo huo Kongo, aliugua na kufariki Kasongo. Bakteria yule mwenye umbo la uzi amepewa jina lake. Mzee wetu alichomwa penisilini. Wanawe walinishukuru kwa kuniita daktari, cheo ambacho sinacho, ila mtu yeyote mwenye koti jeupe huitwa hivyo na ukikataa unaonekana unaringa.

Tangu siku zile nimekuwa nikiwauliza wanafunzi: kuna nini kingine kwenye slaidi hii? Si swali la mtego. Kuna chembe nyeupe zenye vipunje vya rangi ya chungwa, zimezidi. Pengine huyu ana minyoo. Kuna chembe nyekundu ndogo na zilizopauka. Huyu ana upungufu wa damu. Kuna chembe zilizopinda kama mundu.

Hizo za mundu nilizizoea Mwanza. Ukanda wa Ziwa una watoto wengi wa selimundu, na tulikuwa tukiwapima kwa namna rahisi: tone la damu, tone la dawa inayoondoa oksijeni, kifuniko cha kioo kilichozibwa pembeni kwa rangi ya kucha, kisha kungoja. Chembe huanza zikiwa za mviringo, na zikikosa hewa hupinda mbele ya macho yako. Daktari wa Chicago, James Herrick, alizieleza mara ya kwanza mwaka 1910 kutoka kwenye damu ya mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Msaidizi wake ndiye aliyeziona kwanza na kuzichora. Lakini kwa nini ziwe nyingi sana kwetu alikuja kulieleza Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Alipokusanya damu kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, aliona kwamba wanaobeba urithi huo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Akina mama waliponiuliza, "Kwa nini ukoo wetu?" nilikuwa na jibu lisilokuwa laana wala uchawi. Wengine walilipokea. Mmoja alinijibu, "Kwa hiyo mbu ndiye aliyetuchagua," na mpaka leo sijapata maelezo bora kuliko yake.

Kuna kisa kimoja cha upande huu wa dunia ambacho nakiweka juu ya vyote. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alieleza saratani iliyovimbisha mataya ya watoto, kisha akasafiri kwa gari akipita hospitali za Afrika Mashariki na Kati kuuliza wapi ugonjwa ule unaonekana na wapi hauonekani. Ukafuata joto na mvua, karibu sawa na malaria. Mwaka 1961 Anthony Epstein alimsikiliza akitoa mhadhara London, akaamini kwamba lazima kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kirusi ni kidogo kuliko mpaka wa Abbe, kwa hiyo ilihitajika hadubini ya elektroni, ile ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliianza Berlin mwaka 1931, inayotumia elektroni badala ya mwanga. Epstein aliangalia kwa zaidi ya miaka miwili. Hakuona kitu.

Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kutoka Uganda ilishindwa kutua London kwa ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipofika mikononi mwake jioni, maji yaliyoizunguka yalikuwa yamechafuka. Fundi yeyote angesema bakteria wameingia, mwaga. Epstein alichukua tone lake akaliweka chini ya hadubini ya kawaida, kama hii yangu, akakuta si bakteria. Ni seli za saratani zilizojitenga na uvimbe, ziko hai, zinaelea. Kumbe walikuwa wakijaribu kuziotesha zikiwa zimeshikana kwenye vipande, na zenyewe zilitaka kuelea. Yvonne Barr akaziotesha hivyo, na mapema mwaka 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi kilionwa kwa elektroni, sawa. Lakini kilipatikana kwa sababu mtu mmoja alichungulia maji machafu kabla ya kuyamwaga, na jambo hilo lingefanywa na mwanafunzi wangu yeyote mwenye kioo na dakika tano.

Nikisema hivi vijana hudhani nachukia vipimo vipya. Sivichukii. Kipimo cha haraka cha malaria kimefika kwenye zahanati zisizo na umeme, ambako hadubini ilikuwa pambo lililofunikwa kitambaa, na jibu lake ni bora kuliko slaidi iliyosomwa fildi kumi. Kwa kifua kikuu, slaidi ya makohozi inahitaji bakteria 5,000 hivi na zaidi katika mililita moja ili mtu azione, na wagonjwa wengi hawafiki huko. Mashine za kusoma vinasaba huwapata. Morogoro panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO hunusa makohozi ambayo hospitali imeshayasema hayana kitu, na wanawapata wagonjwa humo, kisha maabara inathibitisha. Naona haya kidogo kushindwa na panya, lakini naona furaha zaidi kwa mgonjwa.

Ninachosema ni chembamba zaidi ya hapo. Kipimo cha haraka hujibu swali moja uliloliuliza. Yule mzee wa Dodoma, angepimwa kwa kipimo hicho, jibu lingekuwa sahihi kabisa: malaria hana. Na angerudishwa nyumbani na homa yake.

Kwa hiyo nimeanza kuwapa wanafunzi slaidi pamoja na fomu isiyo na ombi. Hakuna ugonjwa ulioandikwa, umri wala kituo. Mwanzoni hulalamika: "Mama, sasa tutafute nini?" Nawaambia waandike kila wanachokiona, hata mikwaruzo ya kioo. Wiki iliyopita wawili walibishana juu ya uzi mmoja wa zambarau karibu na ukingo wa tone. Binti anasema ni bakteria wa homa ya papasi, kijana anasema ni unyuzi wa pamba, na kila mmoja ana hoja: uzi umejisokota vizuri, lakini ni mmoja tu kwenye fildi zote mia. Wametia rangi slaidi ya pili kutoka damu hiyo hiyo na kuchuja Gimsa upya. Ile ya kwanza nimeipeleka kwa msomaji wa tatu, bila kumwambia nani amesema nini.